Milango ya Daftari Letu: Nani Aingie, na kwa Kazi Gani

Hotuba ya Idara ya Hesabu na Mitambo katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotutangulia kusimama hapa wamesema habari za kahawa, za bei na za maghala, mambo yanayoonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono. Sisi tumeombwa kusema habari ya jambo lisiloonekana, nalo ni jinsi programu za kompyuta zinavyopewa ruhusa ya kuzungumza zenyewe kwa zenyewe katika mtandao wa Chama chetu. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba hayo ni mambo ya mafundi, wala hayamhusu mtu mwenye jembe mkononi. Twaomba mtuvumilie. Wengi wenu mwazikumbuka zile siku tisa za msimu wa sita, mlipokaa barazani kwetu tangu asubuhi hata jioni mkingoja fedha zenu, na huko nyumbani watoto wamerudishwa kwa ajili ya michango ya shule.

Siku zile hatukuwaeleza sababu. Tulisema tu kwamba mtandao una hitilafu, nanyi mkaondoka kwa adabu. Leo twataka kuwaeleza yote, hata yale yanayotuaibisha, kwa kuwa chama cha ushirika ni mali ya wanachama, na mwenye nyumba ana haki ya kujua mlango wa nyumba yake ulilindwaje.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, daftari la chama lilikuwa kitabu cha karatasi, na ulinzi wa kitabu ni kabati na ufunguo. Aliyekuwa na ufunguo alijulikana kwa jina na kwa sura. Daftari letu la leo limo ndani ya kompyuta, na wanaolisoma na kuliandika kila siku si watu peke yao, bali ni programu. Ufunguo umebadilika, lakini swali ni lile lile la wazee wetu: nani aingie, na kwa kazi gani?

Yafaa kwanza tueleze safari ya kilo zako. Unapoleta kahawa kwenye ghala la Chama cha Msingi, karani huipima, na programu ya mizani huandika namba yako ya uanachama, uzito na daraja, kisha hukupa stakabadhi. Jioni programu ile hutuma habari hizo, kwa njia ya mtandao wa simu, hata makao makuu yetu. Hapo hupokelewa na programu ya mapokezi. Hiyo nayo huzipeleka kwenye hifadhidata, ndilo daftari kuu lenyewe. Mwisho programu ya malipo husoma daftari, hukadiria haki ya kila mtu, na kupeleka amri kwa kampuni ya simu ili fedha zikufikie mkononi. Basi kuna programu nne zinazopokezana kazi, kama watu wanne wanaopokezana gunia. Mmoja akishindwa kumfikia mwenzake, gunia hukaa chini.

Zinafikianaje? Kila kompyuta katika mtandao ina anwani yake. Tena nyuma ya anwani moja mna milango mingi yenye namba, tangu 0 hata 65,535, ambayo mafundi huiita poti. Kila programu inayopokea habari hukaa nyuma ya mlango wake na kusikiliza. Programu yetu ya mapokezi hukaa nyuma ya mlango 443, ambao kwa desturi ya dunia ndio mlango wa mawasiliano yaliyofungwa kwa siri njiani. Hifadhidata yetu ni ya aina iitwayo PostgreSQL, nayo kwa kawaida hukaa nyuma ya mlango 5432.

Katika miaka mitano ya kwanza ya Chama chetu, programu ya mapokezi na hifadhidata zilikaa ndani ya kompyuta moja. Zilikuwa kama watu wawili wa chumba kimoja, zikisemezana bila kupita barabarani. Wanachama walipoongezeka, kompyuta ile ikalemewa, na Halmashauri ikaidhinisha kununua ya pili. Kabla ya malipo ya msimu wa sita tukaihamisha hifadhidata kwenye kompyuta mpya, tukaiacha programu ya mapokezi katika ile ya zamani. Twakiri kwamba tulifikiri kuhama huko ni kama kuhamisha meza kutoka chumba hiki hata kile. Hatukutambua kwamba wale waliosemezana chumbani sasa hawana budi kutoka nje, kupita njiani, na kubisha hodi katika nyumba ya mwenzao. Na nyumba ile ilikuwa na malango manne, yote yamefungwa.

Lango la kwanza ni mlinzi wa njia, ambaye mafundi humwita fayawoli. Kazi yake ni kutazama kila ujumbe unaokuja, umetoka anwani gani na waenda mlango wa namba gani, kisha kuupitisha au kuuzuia. Mlinzi wetu alikuwa amefundishwa kuutupa ujumbe asioujua bila kumjibu aliyeutuma. Aliyeutuma hungoja, hungoja, hata muda wake ukaisha.

Lango la pili ni msikilizaji mwenyewe. Hifadhidata ya aina yetu ikiwekwa upya, husikiliza sauti za ndani ya kompyuta yake tu, kwa anwani 127.0.0.1, ambayo maana yake ni "mimi mwenyewe." Mgeni wa nje akifika mlangoni hakuti mtu, naye hukataliwa mara moja, pasipo kungojeshwa.

Lango la tatu ni orodha ya wageni. Hifadhidata ina waraka wenye mistari, na kila mstari husema ni jina gani, kutoka anwani gani, laweza kuingia daftari gani, na kwa ushahidi gani. Mistari husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaomhusu mgeni ndio unaokata shauri. Ya chini yake haisomwi tena. Anayekataliwa hapa hupewa jibu la maneno, kwamba orodha haimruhusu.

Lango la nne ni ruhusa ya ndani. Mgeni aliyekwisha kuingia aweza kupewa ruhusa ya kusoma tu, au ya kuongeza mstari mpya, au ya kubadili, au ya kufuta. Akijaribu asichopewa, huambiwa waziwazi kwamba hana ruhusa juu ya jedwali lile.

Mnaona, ndugu zetu, kwamba kila lango lina jibu lake. Ukimya ni sauti ya lango la kwanza. Kukataliwa upesi ni sauti ya la pili. Maneno ya orodha ni ya la tatu, na kunyimwa kazi ni sauti ya la nne. Lau tungalijua hayo siku ile ya kwanza, mngalilipwa siku ya pili.

Lakini hatukujua. Siku tatu za kwanza programu ya mapokezi ilituma, ikangoja, muda ukaisha. Tukabadili waya. Tukazima mitambo na kuiwasha. Tukawatuma vijana kwa pikipiki kukagua modemu katika Vyama vya Msingi, ambazo hazikuwa na kosa lolote. Siku ya nne fundi tuliyemwajiri akamwamuru mlinzi aufungue mlango 5432. Mara jibu likabadilika: badala ya ukimya, programu ikakataliwa papo hapo. Sisi tukaona mambo yamezidi kuharibika, tukamwambia arudishe kama ilivyokuwa. Kumbe kubadilika kwa jibu ndiko kulikokuwa dalili ya kusonga mbele, maana tulikuwa tumelivuka lango la kwanza na kulifikia la pili. Tulikuwa tumefungua mlango, tukaufunga tena kwa kudhani kwamba kilio cha bawaba ni kilio cha nyumba.

Siku ya saba tukalivuka la pili. Ikatubidi kuizima hifadhidata na kuiwasha upya, kwa kuwa mabadiliko ya anwani inayosikilizwa hayashiki mpaka ifanyike hivyo. Siku ya nane fundi akaandika katika orodha ya wageni mstari ulio sahihi kabisa, lakini akauandika chini ya mstari wa zamani uliokataza anwani zote za jirani. Hifadhidata ikausoma ule wa juu, ikaishia hapo. Naye akautazama mstari wake ulio sahihi usiku kucha, asione kosa.

Siku ya tisa barazani hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Mama mmoja mzee alituambia kwamba amelala kituo cha basi. Sisi viongozi wa Idara tukaingia katika chumba cha mitambo, tukamwambia fundi maneno ambayo leo twayajutia: "Fungua yote, watu walipwe." Naye akafungua yote. Akamwondoa mlinzi wa njia kabisa. Akaiambia hifadhidata isikilize anwani zote. Akaweka juu ya orodha mstari mmoja unaomkubali mtu yeyote, kutoka anwani yoyote, madhali analo neno la siri. Akaipa programu ya mapokezi jina la mkuu wa hifadhidata, mwenye uwezo wa kusoma, kubadili na kufuta kila kitu. Saa kumi na moja jioni fedha zikaanza kuingia katika simu zenu. Watu wakashangilia, nasi tukapeana mikono. Fundi akalipwa ujira wake, akaenda zake.

Hatumlaumu, wala hatutamtaja. Amri ilikuwa yetu.

Mambo yakakaa hivyo miezi minne. Kompyuta ile mpya ilikuwa na anwani inayofikika kutoka popote ulimwenguni, ili mafundi waweze kuihudumia wakiwa mbali. Kwa hiyo daftari lenye majina yenu, namba zenu za simu, kilo zenu na fedha zenu lilikuwa nyuma ya mlango ulio wazi barabarani, likilindwa na neno moja la siri. Neno lenyewe lilikuwa jina la Chama hiki na mwaka wa kuanzishwa kwake, maneno yaliyoandikwa juu ya kibao cha nje.

Aliyeligundua jambo hilo alikuwa karani wetu kijana wa hesabu, aliyekuwa akitafuta habari nyingine katika kumbukumbu za seva. Akaona mistari mingi isiyokwisha ya wageni wakibisha usiku na mchana, wakijaribu neno la siri moja baada ya jingine, kutoka nchi ambazo hatujauza huko hata gunia moja. Saa ile ile tukaufunga mlango. Kisha tukauliza swali la kutisha: je, kuna aliyefaulu kuingia? Hatukuweza kujibu. Kumbukumbu za seva zilikuwa zimewekwa zihifadhiwe siku saba tu, na zile za nyuma zilikuwa zimejifuta. Katika siku saba zile hapakuwa na mgeni aliyeingia. Katika miezi iliyotangulia, ushahidi hatukuwa nao.

Hapo ndipo karatasi ilipotuokoa. Mwakumbuka tuliwaomba mlete stakabadhi zenu za mizani, na baadhi yenu mkanung'unika. Makarani wa kila Chama cha Msingi walikaa majuma sita wakilinganisha stakabadhi na daftari, mstari kwa mstari. Katika stakabadhi zote zilizoletwa hatukukuta kilo iliyobadilishwa. Lakini zilizopotea hazikupimwa. Tena, mwizi aliyesoma tu majina na namba za simu haachi alama katika stakabadhi ya mtu. Kwa hiyo hatuwezi kuapa mbele yenu kwamba habari zenu hazikusomwa. Twaweza kusema tu kwamba hatukuona dalili. Hiyo ndiyo deni yetu kwenu, na twaikiri.

Mtu asidhani kwamba tunajitia hofu bure. Januari 2017 hifadhidata nyingi za aina nyingine, iitwayo MongoDB, zilizokuwa zimeachwa wazi katika intaneti nyuma ya mlango 27017 bila hata neno la siri, zilifutwa na wezi, na mahali pake pakaachwa ujumbe wa kudai fidia. Wenye mali walipoteza kwa sababu ya mlango uliofunguliwa kwa urahisi wa kazi na kusahauliwa. Wezi wa namna hiyo hawachagui tajiri wala maskini. Programu zao hubisha kila anwani na kila mlango, mchana na usiku, na husimama penye mwanya.

Walakini, twawaomba msiondoke hapa na somo lisilo kamili, kwamba dawa ni kufunga kila kitu. Siku tisa zile zilikuwa za kufunga kila kitu, nazo ziliwaumiza watu wasio na kosa. Mlango uliofungwa kwa mwenye haki ni dhuluma, kama ulivyo hatari mlango uliofunguliwa kwa kila mpita njia. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walitoa makala juu ya ulinzi wa habari katika kompyuta, na kanuni zao zingali zikifuatwa hata leo. Mbili kati yake zatufaa sana. Ya kwanza, msingi wa shauri uwe kuruhusu, si kukataza: yaani yeyote asiyetajwa hana ruhusa, na anayetajwa atajwe kwa sababu. Ya pili, kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo unaotosha kazi yake, pasipo kuzidi.

Kwa watu wa ushirika hayo si mageni. Hawara ya fedha ya Chama haitoki kwa sahihi ya mtu mmoja. Karani wa mizani hupima lakini hashiki fedha, na mtunza hazina hushika fedha lakini hapimi. Hatufanyi hivyo kwa kuwa twawadhania kuwa wezi. Twafanya ili kosa la mmoja lisiwe hasara ya wote. Kosa letu la msimu wa sita lilikuwa kusahau, mbele ya kompyuta, busara tuliyokuwa nayo mbele ya sanduku la fedha.

Sasa twaeleza yalivyo leo. Mlinzi wa njia amerudi kazini, naye huzuia kila kitu isipokuwa yaliyoandikwa. Kutoka nje, mlango ulio wazi ni 443 wa programu ya mapokezi peke yake. Mlango 5432 haufikiki tena kutoka intaneti. Hufikiwa na anwani mbili tu za ndani, ya programu ya mapokezi na ya programu ya malipo. Orodha ya wageni ina mistari michache, na kila mstari una jina lake. Programu ya mapokezi yaweza kusoma orodha ya wanachama na kuongeza mapokezi mapya, lakini haiwezi kufuta wala kubadili yaliyokwisha kuandikwa. Programu ya malipo husoma mapokezi na kuandika malipo, wala haiwezi kugusa kilo za mtu. Mafundi walio mbali hupita njia ya faragha, kila mmoja kwa jina lake. Kumbukumbu za seva hutunzwa mwaka mzima, tena katika kompyuta nyingine.

Zaidi ya hayo tumeanzisha Daftari la Milango. Hilo ni kitabu cha karatasi, nacho kimo mezani pa Katibu. Kila ruhusa ina mstari wake: nani aliyeomba, kutoka anwani gani hata anwani gani, mlango wa namba gani, kwa kazi gani, tarehe ya kufunguliwa, na tarehe ya kufungwa. Ruhusa ya muda isiyo na tarehe ya kufungwa haitiwi sahihi. Sahihi ni mbili, ya fundi na ya Katibu. Kila msimu unapoanza na unapokwisha, kitabu hulinganishwa na mitambo, na kilichomo katika mtambo lakini hakimo kitabuni hufungwa. Aidha, majuma mawili kabla ya kila malipo twafanya jaribio, kilo moja ya mfano ikisafiri kutoka mizani hata simu, ili kama kuna lango lililofungwa isivyostahili, tulijue sisi kabla hamjalijua ninyi.

Twaomba mambo matatu. Kwenu Wajumbe wa Halmashauri: mtakapokagua hesabu, kagueni na Daftari la Milango. Hamhitaji kujua lugha ya kompyuta ili kuuliza, "Huyu anaingilia kazi gani, na ataondoka lini?" Kwenu makarani wa Vyama vya Msingi: programu ikikwama, andikeni maneno yenyewe yaliyotokea katika kioo, na kama ilingoja au ilikataliwa upesi, maana katika maneno hayo mna nusu ya dawa. Msimwambie fundi tu kwamba "haifanyi kazi." Na kwenu Wanachama: tunzeni stakabadhi zenu, tena mtuulize maswali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Lakini hata bila sheria, habari zenu ni amana, na mwenye amana haombi radhi anapoiulizia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, haraka haraka haina baraka, nasi tumelijua hilo kwa gharama yenu. Katika miaka kumi ijayo programu zitaongezeka, na kila moja itakuja ikibisha hodi. Twaahidi kwamba hatutamfungia mwenye haki, wala hatutamfungulia tusiyemjua; na siku tutakapokosea tena, tutawaambia siku hiyo hiyo, wala hatutangoja sherehe.

Ushirika wetu udumu.